Kupunguza utegemezi wa kampuni kubwa za mtandaoni maana yake nini?

Ukisikia mtu anasema anapunguza utegemezi wake kwa Google au Meta, usidhani amefuta WhatsApp na kurudi kwenye simu ya kitochi. Maana yake ni kujipanga ili akaunti ikifungwa, masharti yakibadilika au mitambo ya kampuni ikizima, mambo yako yasisimame.

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa takriban saa sita. Zote ni za kampuni moja, Meta. Muuza vitenge aliyezoea kuonyesha mzigo Instagram na kupokea oda WhatsApp alijiona ana milango miwili, kumbe ni mmoja. Mwenye namba za wateja wake aliweza kuwapigia, kazi ikaenda. Aliyewajua kwa majina yao ya Instagram tu hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Kwa hiyo jiulize: nikiondoka leo, naondoka na nini? Kwenye barua pepe unaondoka vizuri, kwa sababu mfumo wake uko wazi. Mwenye Gmail ya Google humwandikia mwenye Proton, barua pepe ya kampuni nyingine, bila shida, na usumbufu wa kuhama ni kuwapa watu anwani mpya. Picha nazo zinatoka. Google ina huduma ya Takeout tangu 2011, inayokuwezesha kushusha vitu vyako. Mimi niliitafuta baada ya Juni 2021, hifadhi ya picha ya bure isiyo na kikomo ilipokoma, tukabaki na GB 15 za kugawana kati ya picha, barua pepe na mafaili.

Kinachonitisha zaidi ni kile kitufe cha kuingia kwenye programu nyingine kwa akaunti ya Google. Kinakuepusha na kukariri nenosiri jingine, sawa. Lakini kila ukikibonyeza unaning'iniza mzigo mwingine kwenye msumari uleule, na msumari si wako. Siku msumari ukichomoka, vyote viko chini.

Kwenye ramani kuhama ni rahisi. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, huchorwa na watu wa kujitolea. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora humo mitaa inayokumbwa na mafuriko. Ukishaishusha ramani hiyo kwa programu kama Organic Maps, inakuelekeza hata bando likiisha.

WhatsApp ndiyo ngumu. Ukihamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, huwezi kumwandikia aliyebaki WhatsApp, na kikundi cha ukoo hakihami kwa ajili ya mpwa mmoja mwenye wasiwasi. Nimebaki humo. Ila namba za mashangazi na wajomba wote nimezinakili kwenye daftari.