Pikapu ya gitaa la umeme: toni inatoka wapi hasa?

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, basi. Ukifungua ile ya gitaa la muundo wa Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, utakuta vijiti sita vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, na waya wa unene wa milimita 0.06 hivi uliozungushwa mara 7,000 hadi 8,000. Uzi wa chuma ulio juu yake nao unapata usumaku kidogo. Ukiupiga unatikisika, usumaku unaopita kwenye koili unayumba nao, na ndani ya waya kunazaliwa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa mwendo uleule wa uzi. Uzi wa A ukiachwa wazi unatikisika mara 110 kwa sekunde, na umeme wake vivyo hivyo. Aliyewahi kufungua dinamo ya baiskeli anaijua kanuni hii. Kule sumaku ndiyo inayozunguka, huku sumaku imetulia na uzi ndio unaocheza.

Kwa hiyo pikapu haisikii sauti kama maikrofoni inavyosikia. Funga nyuzi za nailoni kwenye gitaa la umeme, piga utakavyo, spika itakaa kimya. Sisi tunaoishi kando ya ziwa, ambako nyuzi zinashika kutu upesi, tuna kishawishi cha kufunga nyuzi zozote zinazopatikana dukani, hata zile za shaba nyeusi za gitaa la kawaida. Zitalia, kwa sababu ndani zina kiini cha chuma, lakini nyuzi nene zitafifia huku zile nyembamba zisizosokotwa zikipiga kelele.

Wazo lenyewe si geni. George Beauchamp na Adolph Rickenbacker waliingiza sokoni gitaa la umeme la kwanza lenye pikapu ya sumaku mwaka 1932 huko Marekani, na hataza ikatoka 1937. Tangu hapo kilichobadilika ni kidogo kuliko matangazo ya biashara yanavyotaka tuamini.

Badiliko moja kubwa lilihusu mvumo. Koili haichagui: inapokea mtikisiko wa uzi, na inapokea pia usumaku wa umeme wa nyumbani unaopita hewani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo unaousikia kwenye spika ni wa 50 na wa 100, pamoja na makorokoro mengine yanayotoka kwenye taa za tyubu, chaja za simu na transfoma ya amplifaya yenyewe. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, alitumia koili mbili zilizo ubavu kwa ubavu. Sumaku zake zinaangalia pande tofauti na koili zimeungwa kinyume. Mvumo unaingia sawa kwenye koili zote, unakutana na kinyume chake, unajifuta. Sauti ya uzi, kwa kuwa imegeuzwa mara mbili, inajumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka. Ile yenye koili moja waswahili wa magitaa wanaiita singo.

Singo inang'aa na kukatika vizuri masikioni, hambaka ni nene na tulivu. Maelezo ya wengi yanaishia hapo, halafu kijana anaanza kuweka akiba ya kununua pikapu za nje. Mimi naona anaanzia mwisho.

Chukua tukio hili ambalo mafundi wa huku tunalijua kwa moyo. Mpiga solo wa kwaya anakuja na gitaa mgongoni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Limepatwa na nini?"

"Halina trebo, fundi. Ukipiga sebene halisikiki, limejaa tope tu. Nataka tubadilishe pikapu."

"Unachomeka wapi?"

"Kwenye miksa. Moja kwa moja."

Ugonjwa umeshapatikana na gitaa halijatoka kwenye mfuko. Pikapu peke yake haina toni iliyokamilika. Koili ile ndefu, ikikutana na waya wa kebo na mzigo wa kile ulichokichomekea, inatengeneza kilele: sehemu fulani ya sauti inayonyanyuliwa kuliko nyingine, na juu ya kilele hicho sauti inaporomoka. Kilele kikikaa juu unasikia mng'ao; kikishuka unasikia unene; kikibanwa kabisa unasikia tope. Kinachoamua kinakaa wapi ni koili pamoja na kebo, na kinachoamua kinasimama au kinalala ni mzigo.

Tuweke hesabu. Singo ya kawaida ina indaktansi, yaani ukaidi wa koili dhidi ya umeme unaobadilika, ya henri 2.4 hivi. Kebo ya gitaa ina kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji ya umeme, ya takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa kebo ya mita 3, ukijumlisha na kapasitansi ndogo ya koili yenyewe, kilele kinakaa karibu na hezi 5,100, yaani mitikisiko 5,100 kwa sekunde. Badilisha kebo tu, weka ya mita 9 inayozunguka nyuma ya madhabahu, na kilele kinashuka hadi karibu hezi 3,200. Pikapu ni ileile, nyuzi zilezile, mkono uleule. Umeshapoteza mng'ao ambao kijana alitaka kuununua Marekani. Hambaka yenye henri 4.5, kwa kebo fupi ya mita 3, inakaa karibu na 3,750, na hapo utaona kwamba singo kwenye kebo ndefu mno inaweza kuwa na kilele cha chini kuliko hambaka kwenye kebo fupi.

Miksa ndiyo inayomaliza kazi. Tundu la gitaa kwenye amplifaya lina ukinzani wa kama omu milioni 1, kwa hiyo haliibebeshi pikapu mzigo mkubwa. Tundu la laini kwenye miksa nyingi lina omu 10,000 hivi. Ukinzani ukipungua mzigo unaongezeka: pikapu inabebeshwa mzigo mara mia zaidi, kilele kinalazwa chini kabisa, na kinachotoka kwenye spika ni kile kijana alichokiita tope. Fundi mitambo anapandisha trebo kwenye miksa, kinachopanda ni mlio wa hewa na mvumo, kwa sababu trebo ya gitaa haikufika hapo. Dawa yake ni diai, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya gitaa na miksa, au pedali yoyote yenye bafa (sakiti ndogo inayoipunguzia pikapu mzigo) ikiwa imewashwa, au amplifaya ndogo yenye maikrofoni mbele yake. Hata diai ya bei ya chini itabadilisha gitaa hilo kuliko pikapu za bei ya ng'ombe. Wapo wanaobisha mpaka wasikie.

Baada ya hapo ndipo tufungue gitaa.

Kwenye magitaa mengi ya bei nafuu yanayofika Mwanza, ukigeuza pikapu utaona sumaku moja bapa, nyeusi, imebandikwa chini kwa gundi, na vile vijiti sita ni vyuma vitupu vinavyopokea usumaku kutoka kwake. Hiyo ni sumaku ya seramiki. Vijiti vyenyewe vikiwa sumaku, basi ni alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Seramiki si uchafu. Ina nguvu na ukali wake, na kwa mpigaji anayetaka uzi usikike juu ya tarumbeta mbili na ngoma, inaweza kuwa afadhali. Pima ukinzani kwa mita ya umeme: singo nzima husoma kilo-omu 5.5 hadi 6.5, hambaka 7 hadi 9. Mita isipoonyesha chochote, waya umekatika mahali. Lakini usichague pikapu kwa namba hiyo, kwani waya mwembamba zaidi unapandisha namba bila lazima ya kuongeza nguvu.

Sasa angalia volyumu, ile yenyewe ya chini ya kitasa. Desturi ni kilo-omu 250 kwa singo na 500 kwa hambaka, na sababu ni mzigo uleule: volyumu iko kati ya pikapu na adhi (waya wa ardhi wa sakiti) muda wote, hata ukiwa umeifungua hadi mwisho. Ukiweka 500 kwenye singo, mng'ao unaongezeka hadi kukwaruza. Ukiweka 250 kwenye hambaka, inapoa. Tatizo la huku ni kwamba volyumu ikifa, fundi redio anachomoa nyingine kutoka kwenye redio mbovu, na hiyo mara nyingi imeandikwa B50K. Gitaa linalia, mteja anashukuru, trebo imekufa. Soma maandishi kabla ya kulehemu: herufi A ni ile inayopanda taratibu kwa jinsi sikio linavyosikia, B inapanda kwa mstari ulionyooka, na namba ndiyo kilo-omu. Ukikosa 250 ukapata 500, lehemu rezista ya kilo-omu 470 kutoka mguu wa kuingilia wa volyumu hadi mguu wa adhi. Pikapu itaona mzigo wa kama 242, na sikio halitajua tofauti.

Kitasa cha toni ni kapasita tu inayoipeleka trebo kwenye adhi. Namba za kawaida ni mikrofaradi 0.022 na 0.047. Kubwa inakata zaidi. Na hapa niseme wazi: kuna watu wanalipa pesa nyingi kwa kapasita za zamani za karatasi na mafuta wakiamini zina roho. Kapasita ya mailari, yaani ya plastiki, ya shilingi chache yenye thamani ileile itakupa sauti ileile. Ukitaka kujaribu kitu chenye faida, weka 0.01 au hata 0.0047, na kitasa kitaanza kufanya kazi kwenye mzunguko wake wote badala ya kugeuza kila kitu kuwa blanketi mwishoni.

Tatizo jingine ni volyumu inayokula mng'ao kila ukiipunguza. Mpiga ridhimu anapunguza ili mwimbaji asikike, na gitaa linazama. Kapasita ya pikofaradi 1,000 pamoja na rezista ya kilo-omu 150, zikiungwa kati ya mguu wa kuingilia na wa kutokea wa volyumu, zinaipitishia trebo njia ya pembeni. Ni kazi ya dakika chache za kulehemu.

Kabla ya kulehemu chochote, chukua bisibisi. Urefu wa pikapu hauna gharama. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya kijiti: milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa trebo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa singo za muundo wa zamani. Ukizisogeza karibu mno, sumaku inauvuta uzi, na noti za juu zinatoka kama mbili zinazogombana. Wengi wanalaumu tyuni. Ukizishusha, nguvu inapungua lakini sauti inapata hewa.

Mahali pa pikapu nako kuna uzito wake. Karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, uzi hauchezi sana, kwa hiyo sauti ni kali na nyembamba. Karibu na shingo ni nene. Swichi za kwanza za Stratocaster, tangu 1954, zilikuwa na nafasi tatu, lakini wapigaji walikuwa wakiikwamisha katikati ili pikapu mbili zilie pamoja, mpaka Fender wakaweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Sauti hiyo ya katikati, yenye uwazi na kimya kidogo tumboni, inafaa sana kwa ridhimu ya dansi. Kwa benga nabaki darajani. Huo ni muziki wa ukanda huu wa ziwa, uliokua kutoka mapigo ya nyatiti, kinubi cha Wajaluo, na D. O. Misiani aliyezaliwa upande wa Shirati, Mara, ndiye aliyeupeleka mbali; solo yake haitaki unene, inataka kila noti isimame peke yake.

Kuhusu mvumo, kubandika karatasi ya alumini au shaba ndani ya mwili wa gitaa kunasaidia dhidi ya mkwaruzo wa umeme wa hewani, iwapo tu karatasi hiyo imeungwa na adhi. Haizuii mvumo wa usumaku wa transfoma. Kwa huo, sogea mbali na amplifaya au geuka. Na kama mvumo unapungua ukigusa nyuzi, adhi ya nyuzi iko sawa. Kinachonitia hofu ni maikrofoni inayong'ata midomo ya mpigaji aliyeshika gitaa, hasa kwenye harusi za jenereta. Hilo si la pikapu. Adhi ya mtambo haipo, na mtu anaweza kufa. Zima kila kitu kwanza, fundi umeme akague.

Pikapu inayopiga yowe sauti ikipandishwa ina waya uliolegea ndani. Inazamishwa kwenye nta ya moto: sehemu nne za mshumaa, sehemu moja ya nta ya nyuki, ambayo kwetu inapatikana kirahisi kutoka Tabora. Tumia sufuria ndani ya sufuria ya maji, joto lisizidi nyuzi 65 za selsiasi, la sivyo plastiki ya koili inapinda na waya unakatika. Vipovu vikiacha kutoka, itoe, ifute, iache ipoe kabla ya kuifunga.