Je, wajua kwa nini mapanga ya turbaini hayatakiwi kufanana kabisa?

Basi la Dodoma kwenda Iringa likifika Mtera hupita juu ya ukuta wa bwawa. Abiria wengi hutazama maji na kuulizia bei ya samaki. Wachache hukumbuka kwamba papo hapo pana mitambo miwili ya umeme, kila mmoja wa megawati 40, inayozungushwa na maji ya Ruaha Mkuu.

Kiini cha mtambo wa aina hiyo ni turbaini: gurudumu lililozungukwa na mapanga. Maji yakiyasukuma mapanga, gurudumu huzunguka na jenereta hutoa umeme. Kwingine kazi hiyo hufanywa na mvuke au gesi ya moto. Sasa, chuma kigumu namna hiyo huvunjwa na nini? Wengi watataja joto au nguvu ya msukumo. Ni kweli, lakini yupo adui mwingine asiyeonekana kwa macho: mtetemo.

Fikiria gari linalovuka rasta barabarani. Kwa mwendo fulani gari zima hutikisika mpaka meno yanagongana. Dereva akiongeza au akipunguza mwendo kidogo, linatulia. Matuta ni yale yale, ila mapigo yake yameacha kulandana na mdundo wa springi za gari. Panga la turbaini nalo lina rasta zake. Mbele yake hupangwa vielekezi, yaani mapanga yasiyozunguka yanayoelekeza mvuke au maji, na kila likipita mbele ya kielekezi kimoja hupigwa kofi dogo. Rota, yaani lile gurudumu linalozunguka, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na vielekezi vikiwa 40, ni makofi 2,000 kila sekunde. Ikitokea kwamba panga lenyewe, likigongwa, hutetemeka kwa asili yake mara 2,000 kwa sekunde, basi kila kofi linaongeza juu ya lililotangulia. Kwa kasi hiyo chuma hupindwa mara milioni moja kabla dakika tisa hazijaisha. Chuma huchoka, kikapata ufa.

Meli ya Queen Elizabeth 2 iliyaonja hayo. Desemba 1968, ikiwa majaribioni, mapanga ya turbaini zake za mvuke yaliharibika kwa mtetemo wa namna hii, na wenye meli wakakataa kuipokea. Safari yake ya kwanza ya abiria ilingoja hadi Mei 1969.

Kinga ya kwanza ni hesabu. Wilfred Campbell wa kampuni ya General Electric, Marekani, katika miaka ya 1920 alianza kuchora kasi ya rota na mitetemo ya asili ya magurudumu yake kwenye mchoro mmoja, ili ionekane ni kasi gani za kukwepa. Mchoro huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ya pili ni kuvuruga zile rasta: nusu ya duara inapewa vielekezi 19, nusu nyingine 21. Jumla bado ni 40, lakini panga halipati tena mdundo mmoja wa kulizoea. Kwenye turbaini za maji huepukwa pia idadi zinazogawanyika pamoja. Mapanga 12 kwa milango 24 ya kuingizia maji yangepigwa yote kwa wakati mmoja. 13 kwa 24 hupokezana.

Kinachonivutia zaidi ni mapanga yenyewe. Ukitaka kukielewa, sikiliza ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole, ile aliyoitangaza duniani marehemu Hukwe Zawose. Ilimba kubwa ina vyuma ambavyo mpigaji havigusi. Huitika vyenyewe jirani zao wakipigwa, kwa sababu vyote vimekaa kwenye ubao mmoja. Kwenye muziki huo ndio utamu. Kwenye turbaini ndiyo balaa, maana mapanga nayo yamekaa kwenye diski moja, na yakiwa na sauti moja yanaambukizana mtetemo, hata kwa kupitia hewa iliyo kati yao.

Basi, yafanane au yatofautiane? Hapa pana mtego. Hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza mapanga yanayofanana kwa asilimia mia, na tofauti ndogo za bahati mbaya zinaweza kulundika mtetemo wa gurudumu zima kwenye panga moja tu. Mwaka 1966 mtafiti Whitehead wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alitoa kanuni ya kikomo chake: chukua kipeuo cha pili cha idadi ya mapanga, ongeza moja, gawanya kwa mbili. Gurudumu la mapanga 81 linaweza kumpa mnyonge mmoja hadi mara tano ya mtetemo uliotarajiwa. Dawa yake inashangaza kidogo: kuongeza tofauti, ila kwa makusudi na kwa mpango. Mapanga ya aina mbili, moja likiwa na sauti ya juu kidogo kuliko jingine, hupangwa kwa kupishana, na kuambukizana kunakatika.

Ndiyo maana panga jipya halichomekwi tu penye pengo. Hupimwa uzito, hugongwa, sauti yake hupimwa, ndipo hutafutiwa nafasi kwenye duara. Karibu sawa na mpiga ilimba anayekivuta chuma kidogo nje ya ubao, akakisikiliza, akakirudisha ndani kwa unywele.