Kugawa bechi si kupunguza bechi

Kugawa bechi, yaani kundi la vipande vya aina moja kiwandani, ni kuihamisha kazi kidogokidogo kutoka mashine moja kwenda nyingine, ili mashine ya pili ianze kabla ya ile ya kwanza kumaliza yote. Maana ni hiyo tu. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba katika vikao vya kupanga ratiba nimelisikia neno hili mara nyingi mno likitumiwa kwa jambo jingine kabisa, yaani kutengeneza vipande vichache, kubadilisha kazi, kisha kuirudia ile ya mwanzo siku nyingine.

Mkanganyiko unaanzia katika neno lenyewe. "Bechi" tumelipokea kutoka Kiingereza, na huko asili yake ni kuoka: mikate iliyoingia tanurini pamoja na kutoka pamoja. Mwokaji hakuhitaji neno la pili, kwa kuwa kilichookwa mara moja ndicho kilichotolewa mara moja. Kiwandani mambo hayo mawili huachana, na Kiswahili kilikuwa tayari na neno kwa kila moja. Kuna mkupuo, yaani kazi inayofanywa mfululizo bila kukatizwa, mashine ikiwa imesetiwa, yaani imeandaliwa kwa kazi hiyo, mara moja. Kisha kuna fungu, yaani sehemu inayotengwa na kuwekwa kando. Muuza nyanya hununua tenga moja, hulipia usafiri mara moja, halafu hupanga mafungu juu ya meza. Mafungu kumi hayamlazimishi kwenda shambani mara kumi, wala mteja wa kwanza hasubiri tenga zima lipangwe ndipo auziwe. Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyegeukia masuala ya viwanda, alisisitiza jambo hilohilo aliposema kwamba kiasi kinachohamishwa si lazima kilingane na kiasi kinachozalishwa, na mara nyingi hakipaswi kulingana.

Tuchukue karakana inayotengeneza bawaba 600 kwa mashine tatu: ya kukata, ya kutoboa na ya kukunja, kila moja ikitumia dakika 1 kwa kipande, na zote zikiwa zimesetiwa mapema. Zikisubiriwa bawaba zote 600 kabla ya kuhama, kazi inakwisha baada ya dakika 1,800. Zikihamishwa kwa mafungu sita ya bawaba 100, toroli likipita kila fungu linapotimia, inakwisha baada ya dakika 800. Hakuna mashine iliyoongezewa kasi, na kila moja imefanya kazi dakika zilezile 600. Kilichoondoka ni kusubiri. Lakini kama kutoboa kungechukua dakika 2 kwa kipande, muda usingeshuka chini ya dakika 1,400 kwa mafungu hayohayo, kwa sababu mashine ya kutoboa peke yake inahitaji 1,200, na mafungu hayaongezi uwezo wake hata kidogo.

Sasa tuseme mtu amezigawa bawaba hizo katika mikupuo sita, na kati ya mmoja na mwingine mashine ya kukata inafanya kazi tofauti. Kuseti kukichukua dakika 30, amelipa dakika 180 badala ya 30, na hizo 150 za ziada hazikutoa hata bawaba moja. Hesabu ya ukubwa wa mkupuo ni ya zamani na ina kanuni zake: Ford W. Harris aliichapisha Marekani mwaka 1913, akipima gharama ya kuandaa mashine dhidi ya gharama ya kulaza mali ghalani. Fungu lina gharama nyingine, yaani safari nyingi za toroli na vibandiko vingi vya kufuatilia kilichofika na ambacho bado.

Kwa hiyo mwenzangu anayetangaza kikaoni kwamba bechi imegawanywa, namwomba kwa heshima ataje pia mashine ilisetiwa mara ngapi. Ikiwa ni mara moja, amegawa mafungu. Ikiwa ni mara sita, amepunguza mkupuo, jambo lenye nafasi yake halali, hasa oda ya mteja mwingine inapokuwa haiwezi kusubiri, ila aliandike hivyo kwenye ratiba, ili fundi wa kuseti ajue kwamba ataitwa mara sita.