Ujauzito na kunyonyesha: dawa usiianze kimyakimya, na usiiache kimyakimya

Maswali yanayoletwa kwenye dirisha letu la taarifa za dawa na wajawazito, akina mama wanaonyonyesha na ndugu zao yameongezeka, na mengi yanafika yakiwa yamechelewa. "Nimegundua nina ujauzito, dawa za presha nimeshaziacha, sasa nifanyeje?" "Nimeandikiwa antibayotiki, mtoto nimemwachisha ziwa tangu juzi, nimrudishe lini?" Muulizaji anakuwa ameshaamua nyumbani, kwa ushauri wa wifi, jirani au sauti iliyosambazwa kwenye WhatsApp, ndipo anatafuta mtaalamu wa kumthibitishia. Tunaomba ieleweke kwamba kuacha dawa ni uamuzi wa tiba, sawa kabisa na kuianza. Una madhara yake, na haufai kufanyika kabla mtu aliyesomea hajakaa na wewe na kadi yako ya kliniki.

Hofu nyingi inaanzia kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi. Karibu kila kikaratasi kinasema dawa isitumiwe na mjamzito au anayenyonyesha mpaka daktari ashauri, na wananchi wanasoma nusu ya kwanza ya sentensi. Ikumbukwe kwamba wajawazito kwa kawaida hawaingizwi kwenye majaribio ya dawa mpya. Mara nyingi mtengenezaji anaandika tahadhari kwa sababu hana takwimu za kutosha, si kwa sababu dawa imethibitika kumdhuru mtoto. Zipo zilizothibitika kudhuru, nazo tutazitaja kwa majina. Kuzitia dawa zote kapu moja ni kosa, na kosa hilo linawaumiza akina mama wanaojitahidi kuwalinda watoto wao.

Kuna pia suala la muda. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, 2 hadi 3 huwa na kasoro kubwa ya maumbile hata kama mama hakumeza dawa yoyote. Viungo vya mtoto hujengeka zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutungwa, na mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ifikapo siku ya 28 hivi. Wakati huo wengi wanaona tu siku zao zimechelewa. Mama anayeacha dawa ya kifafa mwezi wa tatu kwa kuogopa mgongo wazi anaiacha baada ya kipindi alichokiogopa kupita, na kilichobaki mbele yake ni degedege. Ndiyo maana tunasisitiza mwenye ugonjwa wa kudumu aje tuzungumze kabla ya kubeba mimba. Siku unayokwenda kutoa kijiti cha uzazi wa mpango ndiyo siku ya kuuliza kuhusu dawa zako za presha, kisukari au kifafa. Watoa huduma nao wanatakiwa wakuulize bila kusubiri uanze wewe.

Kifafa

Hapa hatuzungumzii kifafa cha mimba, ambacho hutokana na presha ya ujauzito na kina tiba yake. Tunazungumzia ugonjwa wa kifafa ambao mama alikuwa nao hata kabla ya kushika mimba. Valproeti ndiyo dawa ya kifafa yenye ushahidi mzito zaidi dhidi yake. Karibu mtoto 1 kati ya 10 ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito huzaliwa na kasoro ya maumbile, ikiwamo mgongo wazi, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kuongea au kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko kwamba dawa hii isiandikiwe wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Wapo wanaoitumia kwa ugonjwa wa akili au kuzuia kipandauso, na hawajui kwamba onyo hili linawahusu.

Pamoja na yote hayo, anayeitumia leo asiikate leo. Kuisimamisha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokoma lenyewe, na mwenye degedege huangukia moto wa jikoni, huanguka na tumbo lake, huzama majini akichota. Tunachofanya ni kuipunguza taratibu huku nyingine ikipandishwa. Lamotrijini na levetirasetamu zina hatari ndogo zaidi kwa mtoto, ila kiwango cha lamotrijini kwenye damu hushuka kadiri ujauzito unavyokua, kwa hiyo dozi huongezwa. Mama akiona dozi imepandishwa akadhani daktari amekosea, kisha akarudi kwenye ile ya zamani, degedege linarudi.

Wanaotumia dawa za kifafa mara nyingi huandikiwa asidi ya foliki ya miligramu 5, na inafaa ianze kabla ya mimba. Kiasi hicho kikubwa hupunguza nguvu ya SP, ile dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki. Mwambie mkunga kwamba unaitumia kabla hujamezeshwa SP. Kidonge cha kuongeza damu kinachotolewa kliniki kina asidi ya foliki kidogo na hakina tatizo hilo.

Presha

Kwenye presha mambo ni kinyume, maana baadhi ya dawa hudhuru zaidi mimba ikiwa imekua. Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, losatani na jamaa zake huathiri figo za mtoto kuanzia miezi ya kati na kuendelea. Maji ya uzazi hupungua na mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa figo zikiwa hazifanyi kazi. Dawa hizi ziko majumbani mwetu kwa wingi. Ukijua una mimba, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo au kesho yake ubadilishiwe. Zipo metildopa, nifedipini na labetaloli, zote zimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi.

Kubadilishiwa si kuacha. Mama aliyetupa kidonge bila kupewa kingine anabaki na presha inayopanda bila kuonekana mpaka kichwa kinauma sana, anaona vimulimuli, uso na mikono vinavimba, au maumivu yanabana chini ya mbavu upande wa kulia. Hizo ni dalili za kukimbilia hospitali, usiku au mchana. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba, au mwenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha, aulize mapema kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Hiyo huanzwa kabla ya wiki ya 20 ili kupunguza uwezekano wa presha ya ujauzito. Si ile aspirini kubwa ya maumivu, na haujinunulii mwenyewe.

Kisukari, pumu, VVU na malaria

Mwenye kisukari aelewe kwamba sukari isiyodhibitiwa katika wiki za mwanzo ndiyo yenyewe inayoharibu viungo vya mtoto, moyo ukiwamo. Insulini haivuki kondo la nyuma kwa kiasi cha kumfikia mtoto na kumdhuru. Kuandikiwa sindano si hukumu kwamba ugonjwa umefika pabaya. Mwenye pumu aendelee na pampu zake zote mbili, ile ya kufungua kifua na ile ya kuzuia shambulio, maana mama akikosa hewa mtoto naye anaikosa.

Kuhusu ARV, msimamo ni mmoja: kila siku, bila kuruka, katika ujauzito, uchungu na kunyonyesha. Wasiwasi ulioibuka mwaka 2018 kwamba dolutegraviri, mojawapo ya ARV, huenda inaleta mgongo wazi kwa mtoto, kutokana na takwimu za awali za Botswana, ulichunguzwa. Takwimu zilipoongezeka hatari ile ilionekana kuwa ndogo mno, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwamo. Bado tunaletewa ujumbe ule wa zamani kama habari ya jana. Tunaomba usisambazwe tena.

SP hutolewa kuanzia wiki ya 13, angalau dozi tatu, kila moja ikipishana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, na unaimeza mbele ya mtoa huduma. Wanaotumia kotrimoksazoli (Septrini) kila siku hawapewi SP. Ukiugua malaria yenyewe, SP si tiba yako, pimwa kwanza. Kwa miezi mitatu ya mwanzo Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2022 limeikubali dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, hivyo usishtuke ukiandikiwa.

Vinavyonunuliwa bila kufikiri

Kwa maumivu na homa, parasetamoli ndiyo ya kwanza, kwa dozi iliyoandikwa na kwa siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe kuanzia wiki ya 20, kwani zinaweza kupunguza maji ya uzazi, na kuanzia wiki ya 28 zinaweza kufunga mapema mshipa ambao mtoto anautegemea akiwa tumboni. Angalia vizuri, kwani vipo vidonge vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli, na watu wanaviomba dukani wakidhani ni vya kawaida. Doksisaiklini na tetrasaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto zikitumika baada ya miezi ya mwanzo.

Mkorogo nao ni suala la dawa, hata kama unauzwa na vipodozi. Krimu za kung'arisha zenye zebaki hupenya ngozi, huingia kwenye damu, huvuka kwenda kwa mtoto na hufika kwenye maziwa. Anayezipaka aache kabisa, na hapa hakuna haja ya kupunguza taratibu. Kama ngozi itawaka au kutoa vipele baada ya kuacha, aje aonwe. Kwa dawa za miti shamba, hatuji kugombana na bibi wala mama mkwe. Tunachoomba ni tuambiwe. Mizizi na majani ya kuharakisha uchungu yanaweza kufanya mji wa mimba ubane kupita kiasi, na mkunga asiyejua umekunywa nini anaweza kukuwekea dripu ya kuongeza uchungu juu yake. Hapo mji wa mimba unaweza kuchanika.

Ziwani si tumboni

Dawa iliyokatazwa wakati wa ujauzito inaweza kuruhusiwa wakati wa kunyonyesha. Enalaprili na ibuprofeni ni mfano: mtoto aliyezaliwa kwa wakati akiwa mzima anaweza kunyonya mama akizitumia. Kinachofika kwenye maziwa kwa dawa nyingi hakizidi asilimia 10 ya dozi ya mama ukilinganisha kwa uzito, na kiwango hicho huhesabiwa kuwa kinakubalika. Amoksilini, parasetamoli, insulini na pampu za pumu hazimwachishi mtoto ziwa. Ukiwa na wasiwasi, meza dawa mara tu baada ya kunyonyesha.

Mtoto aliyenyimwa ziwa siku 5 kwa sababu ya antibayotiki anapewa uji au maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji yasiyo salama, anaharisha, na maziwa ya mama yanapungua. Madhara hayo ni makubwa kuliko ya dawa iliyoogopwa. Jambo hili linatuumiza kwa sababu linazuilika kwa swali moja tu.

Zipo za kuangaliwa kwa makini. Kodeini, iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya maumivu na dawa za kikohozi, kwa baadhi ya watu hugeuka mofini mwilini haraka mno, na mtoto anaweza kulala kupita kiasi na kushindwa kupumua; iepukwe. Kotrimoksazoli haifai kwa mama wa kichanga chenye manjano au njiti bila daktari kujua. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye vichocheo viwili visitumike wiki 6 za mwanzo, na kwa kawaida havishauriwi mpaka mtoto afikishe miezi 6. Vipo vya kichocheo kimoja kwa anayenyonyesha. Dawa za saratani zina taratibu zake, na huko kusitisha kunyonyesha kunaweza kuwa lazima.

Dukani na baada ya tatizo

Ukifika famasi au duka la dawa muhimu, sema kwanza kwamba una mimba, huenda una mimba, au unanyonyesha. Usimtume mtoto wala bodaboda na jina la dawa. Duka la dawa muhimu lina orodha ya dawa zinazoruhusiwa kuuzwa pale, na dawa za cheti zinatolewa kwa cheti. Anayeziuza kinyume cha hapo anatenda kosa: duka linaweza kufungwa, kibali kusitishwa au kufutwa, na wahusika kufikishwa mahakamani. Tunalieleza hili kwa sababu wateja wanawagombeza watoa dawa wanaokataa kuwauzia, ilhali wanatimiza wajibu wao.

Ukihisi dawa imekudhuru wewe au mtoto, toa taarifa. Ulimwengu ulijifunza kwa gharama kubwa kutokana na thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957, ikatumika kutuliza kichefuchefu cha ujauzito, na kuondolewa 1961 baada ya madaktari kuripoti watoto waliozaliwa bila mikono au miguu kamili. Zaidi ya watoto 10,000 walidhurika. Mfumo wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa ulianzishwa mwaka 1968 kutokana na msiba huo. Kituo chake kiko Uppsala, Sweden, na taarifa za Tanzania hufika huko kupitia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Utaratibu ni huu. Mtoa huduma anajaza fomu ya njano. Mambo manne lazima yawepo: mgonjwa anayetambulika, hata kwa herufi za mwanzo za jina, mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na tatizo lililotokea. Vinavyosaidia zaidi ni namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, tarehe ya kuanza na kuacha dawa, dawa nyingine zote pamoja na za miti shamba, na tarehe ya hedhi ya mwisho, ambayo ndiyo inayotuonyesha mtoto alikuwa na umri gani dawa ilipoingia. Huhitaji kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kushuku kunatosha. Taarifa ni siri, haitumiki kumshtaki mama wala mtoa huduma aliyeijaza.

Inapokelewa hata kama dawa ilimezwa miezi mingi iliyopita. Anayeleta taarifa ya mtoto aliyezaliwa na kasoro aje na boksi au kopo la dawa, kadi yake ya ujauzito na kadi ya mtoto. Kama boksi limeshatupwa, jina la duka na tarehe ya kununua vinatosha kuanzia.