Adhabu kwenye gemu za mtandaoni: watu wanavyoamini na ukweli ulivyo

Dhana: wanaotukana ni kikundi kidogo cha watu wabaya, wafungie wote maisha gemu itulie.

Hapana jamani. Jeffrey Lin, aliyekuwa akisimamia mambo ya tabia za wachezaji kwenye League of Legends, gemu ya timu ya watu watano dhidi ya watano, pale Riot Games, kampuni inayoitengeneza, alieleza kwamba wachafuzi sugu, yaani wenye matusi na fujo kila mara, ni kama 1% tu ya wachezaji na wanatoa kama 5% ya uchafu wote, sasa huo mwingine unatoka wapi? Kwa watu wa kawaida kabisa, mtu siku imemwendea kombo, kapigwa mechi tatu mfululizo, anaingia ya nne hasira zimempanda na anazimalizia kwa mwenzake ambaye hata hamjui. Huyo ukimfungia maisha kwa kosa la kwanza umempoteza mchezaji ambaye angerekebishika, na yule sugu keshafungua akaunti nyingine ya bure anaendelea. Adhabu ipande ngazi kwa ngazi: onyo, kuzimiwa chati (sehemu ya kuandikiana ujumbe), siku kadhaa nje, asiyesikia ndo afungiwe kabisa. Vitisho vya kuua na ubaguzi wa rangi viende juu moja kwa moja, hapo sina ubishi.

Dhana: adhabu ikiwa kali mtu atajifunza tu.

Atajifunza nini kama hajui kakosa nini? Hapa ndo pananiuma kweli. Unafungua gemu unakuta ujumbe kwamba umekiuka kanuni, basi, haisemi mechi gani wala maneno gani, mtu anabaki anaamini kaonewa na anarudi na kinyongo. Riot walipoanza kuwaonyesha walioadhibiwa chati zao wenyewe, wengi zaidi wakaacha matusi, na adhabu inayofika mechi ikiwa bado mbichi kichwani inafundisha kuliko ile inayokuja wakati mtu keshasahau alichoandika. Umoja wa Ulaya nao una sheria ya huduma za kidijitali, imeanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inataka mtu anayefungiwa akaunti apewe sababu na kwenye majukwaa ya mtandaoni, ukiacha yale ya kampuni ndogo, awe na njia ya kulalamika.

Dhana: ukiripotiwa na wengi una hatia.

Marafiki wanne wakiingia timu moja wanaweza kumripoti wa tano kwa sababu tu kacheza vibaya, na kucheza vibaya sio kosa. Ripoti iwe sababu ya kuangalia, isiwe hukumu. CS:GO, gemu ya kupigana risasi ya Counter-Strike, walikuwa na mpango ulioitwa Overwatch, wachezaji wazoefu wanaangalia rekodi ya mechi bila kuona jina la mtuhumiwa, mimi naona ule mpango ulikuwa wa haki kuliko kuhesabu ripoti. Tribunal ya League of Legends, yaani mahakama ya wachezaji iliyoanza 2011, nayo iliwapa wachezaji kura ya kuamua nani aadhibiwe, ila kesi zilichukua muda mrefu mno na 2014 ikasimamishwa.

Dhana: ukitoka katikati ya mechi umekimbia.

Intaneti hukatika, umeme huzimika, na seva haiwezi kujua kwa uhakika kama umetoka kwa makusudi. Ndo maana kutoka mara moja tu kusimwangushe mtu, waangalie mazoea yake.

Dhana: rufaa ni ya wakosaji wanaotafuta huruma.

Rufaa ni ya kila mtu maana vichujio vya maneno havijui utani wa marafiki wala lugha za mitaani. Isomwe na binadamu, sio mashine ileile iliyokufungia, na ukishinda rufaa urudishiwe na ranki yako, yaani daraja ulilokuwa umefikia kwenye gemu.