Mawazo yanafika mpaka kwenye mfupa, acheni kubisha

Haipiti wiki hapa kliniki Dodoma bila mtu kuniambia "mawazo ni ya kichwani dokta, mfupa unataka kalsiamu tu". Huyohuyo usingizi hapati, chakula hakipiti, mikopo imembana au kahamishiwa Mtumba familia imebaki Dar, halafu anauliza anunue kalsiamu gani. Inaniudhi jamani.

Mfupa sio jiwe, uko hai, kuna seli zinabomoa wa zamani na zingine zinajenga mpya, yani kwa mtu mzima karibu asilimia 10 ya mifupa yote inabadilishwa kila mwaka. Sasa ukikaa na stresi miezi na miezi (sio ile ya siku ya intavyuu) tezi zilizo juu ya figo zinamwaga kotisoli, homoni ya stresi, kupita kiasi, na ikizidi seli za kujenga zinapunguza kazi, utumbo unanyonya kalsiamu kidogo, figo zinaitoa zaidi kwenye mkojo, na homoni za estrojeni na testosteroni zinazolinda mfupa zinashuka. Kwa hiyo unameza vidonge huku unavikojoa. Bado unabisha? Waangalie wanaomeza prednisoloni miezi mitatu na zaidi kwa pumu au baridi yabisi, ile dawa inafanya kazi kama kotisoli na kupungua kwa mifupa ni madhara yake yanayojulikana kabisa. Ya stresi ni kidogo kuliko ya dawa, haikuvunji nyonga kwa mwezi mmoja, ila njia ni ileile. Na dawa usiiache ghafla, ongea na daktari wako kwanza.

Halafu mwenye mawazo hajisogezi, anaruka mlo, wengine wanahamia kwenye bia na sigara, vyote hivyo vinamaliza mfupa. Ndio maana kila mtu namwambia atembee, nusu saa, kwa mwendo wa haraka, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mguu ukikanyaga chini mfupa unalazimika kujijenga, usiku unalala, na kichwa kinatulia. Mtu anachukua boda toka Majengo mpaka Sabasaba, ya nini?

Eti huku kupungua kwa mifupa (osteoporosisi) ni ugonjwa wa mabibi. Wanawake wanapoteza mfupa kwa kasi hedhi ikikoma, kweli, lakini wanaume pia unawapata, na mfupa unajengwa mpaka kama miaka 30 hivi, kwa hiyo binti wa chuo anayeshinda njaa kwa mawazo anajipunguzia akiba yake.

"Ningekuwa nao ningesikia maumivu." Hapana, unakaa kimya mpaka uvunjike. Magoti yakiuma mara nyingi ni viungo, hayo mengine.

Supu ya kongoro ina kalsiamu kidogo sana, kula dagaa mzimamzima na mifupa yake. Jua la Dodoma la kukupa vitamini D ya kunyonya kalsiamu lipo sawa, ila wewe uko ofisini toka asubuhi mpaka jioni.

Na mama wa miaka 55 akiteleza bafuni akavunjika mkono, msimfunge plasta mkaishia hapo. Aulizwe hedhi ilikoma lini, anameza dawa gani, na usiku analala au anawaza.