Diski ya mashine pepe imejaa? Kagua LVM kabla ya kuomba nafasi mpya

Seva ikianza kutoa ujumbe wa "No space left on device", mtu hukimbilia kumwomba msimamizi wa haipavaiza, ile programu inayobeba mashine pepe zote, amwongezee gigabaiti hamsini. Anaongezewa. Anaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki, na namba ni zilezile. Hapo ndipo watu huanza kuzima na kuwasha mashine ovyo, na wengine hufikia hatua ya kuunda mashine mpya na kuhamisha data yote usiku kucha. Kazi hiyo yote haihitajiki. Nafasi ipo, ila imekwama njiani, na lililo muhimu ni kujua imekwamia tabaka gani.

Kwenye Linux yenye LVM (Logical Volume Manager, mfumo wa kugawa na kukuza nafasi ya diski) matabaka yanapangana hivi kuanzia chini: diski pepe yenyewe (sda au vda), juu yake patisheni, yaani kipande cha diski, kisha PV, yaani patisheni iliyokabidhiwa LVM. PV moja au zaidi huunganishwa kuwa VG, ghala moja la nafasi. Kutoka ghala hilo hukatwa LV, yaani fungu la nafasi linalotumika kama diski, na ndani ya LV ndimo unamokaa mfumo wa faili, ext4 au XFS. Amri ya df huona tabaka la juu kabisa tu. Hata ukiongeza terabaiti nzima kule chini, df haitajua mpaka kila tabaka liambiwe kwamba la chini yake limekua.

Basi anza kwa kutazama:

lsblk
sudo pvs
sudo vgs

Kwenye vgs, safu ya VFree, nafasi isiyogawiwa bado ghalani, ndiyo yenye habari. Na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ninapokuta tatizo mara nyingi kuliko pengine popote. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukikubali mpangilio wake wa kawaida wa LVM, hakikupi diski yote. Ghala likiwa kati ya gigabaiti 20 na 200, LV ya mzizi (/, inayobeba mfumo wenyewe) hupewa nusu tu. Likizidi 200, hupewa 100. Ukisakinisha kwenye diski ya gigabaiti 100, lsblk itaonyesha sda3 ya 98G na ndani yake ubuntu--vg-ubuntu--lv ya 49G. Nusu nyingine imelala ghalani miaka yote huku seva inajaa. Ukikuta hivyo, humhitaji mtu wa haipavaiza kabisa. Mstari mmoja unatosha, na huduma zinaendelea kufanya kazi:

sudo lvextend -r -L +20G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Ile -r ndiyo inayokuza mfumo wa faili pamoja na LV. Ukiisahau, LV itakua lakini df itabaki palepale. Utamalizia kwa resize2fs kama ni ext4, au xfs_growfs kama ni XFS. Alama ya kujumlisha nayo iangalie vizuri: +20G ni kuongeza ishirini, 20G bila alama ni kutaka jumla iwe ishirini. Ndiyo sababu nashikilia watu watumie lvextend badala ya lvresize. Ukikosea alama, lvextend hukataa tu, kwa kuwa haijui kupunguza. Lvresize inajua.

VFree ikiwa sifuri, hapo kweli diski ikuzwe kutoka chini. Kama haipavaiza yako ni Proxmox, amri ni qm resize 101 scsi0 +50G, ukiweka namba ya mashine yako na jina la diski yake. Kwenye VMware unabadilisha ukubwa kwenye mipangilio ya mashine, ila mashine ikiwa na snapshoti, yaani picha ya hali yake ya wakati fulani, hutaruhusiwa. Futa zile za zamani kwanza, kuza diski, ndipo upige snapshoti mpya ya kujikinga kabla ya kuendelea. Data ya maana iwe pia na nakala rudufu nje ya mashine hiyo.

Ukirudi ndani ya mashine, diski ya aina ya virtio (jina lake huwa vda) kwa kawaida huonekana imekua papo hapo. Ya SCSI (sda) huenda ukalazimika kuiamsha kerneli, kiini cha Linux, iisome upya:

echo 1 | sudo tee /sys/class/block/sda/device/rescan

Kisha kuza patisheni, halafu PV:

sudo growpart /dev/sda 3
sudo pvresize /dev/sda3

Kwenye growpart kuna pengo la herufi moja kati ya sda na 3. Baada ya pvresize, VFree itakuwa imepanda, nawe unarudi kwenye ule mstari wa lvextend.

Kuna mtego unaowakwamisha watu saa mbaya. Mzizi ukiwa umejaa asilimia 100, growpart inaweza kugoma kwa kuwa haina pa kuandika faili zake za muda kwenye /tmp. LVM nayo hutaka kuhifadhi nakala ya taarifa zake ndani ya /etc/lvm kabla ya kubadilisha kitu. Pata megabaiti chache kwanza: sudo apt clean, au sudo journalctl --vacuum-size=100M. Visipotosha, ipandishe /tmp kwenye RAM kwa muda:

sudo mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp

Na kama df -h inaonyesha nafasi lakini seva bado inalalamika, tazama df -i. Huenda ni inodi, yaani nafasi za kusajili faili, zilizokwisha kwa sababu ya mafaili madogo mengi. Ulifuta logi kubwa na nafasi haikurudi? Amri ya sudo lsof +L1 itakuonyesha ni programu gani bado imeishikilia.

Miongozo mingi itakuambia uandike -l +100%FREE kwenye lvextend, yaani uipe LV nafasi yote iliyobaki ghalani, umalize kazi. Mimi sikubaliani nayo kwa seva inayotumika. Kukuza ni rahisi na hakuzimi kitu. Kupunguza ni shughuli nyingine. Ext4 ya mzizi huwezi kuipunguza bila kuiwasha mashine kwa ISO ya uokoaji (faili ya mfumo mwingine wa kuwashia), na XFS usitegemee kuipunguza kabisa: utanakili data, uunde upya, urudishe. Toa kinachohitajika kwa miezi michache ijayo. Kilichobaki ghalani kitasaidia siku databesi itakapohitaji LV yake, au utakapotaka snapshoti ya LVM kabla ya kusasisha mfumo.